Raba Ndani ya Chuma: Historia ya Sili za Kalipa katika Magari ya Fowili

Sili ya kalipa, yaani ya kile kibano cha chuma kinachokumbatia diski ya breki, ni pete ya raba inayokaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kwenye ukuta wa silinda ya breki, ikiikumbatia pistoni pande zote. Dereva akikanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, pistoni huisukuma pedi, na pedi huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Kazi ya kwanza ya pete hiyo inajulikana na kila mwenye gari: kuzuia mafuta yasivuje. Si kazi ndogo, kwa kuwa breki zikikanyagwa kwa nguvu mgandamizo ndani ya paipu huweza kupita mara 30 ya upepo uliomo ndani ya tairi. Kazi ya pili haionekani kwa macho. Mkato wa pete hii ni wa pembe nne, tofauti na pete za mviringo zinazofungwa kwenye mabomba na pampu. Pistoni inapotoka, raba huing'ang'ania na kupinda nayo kidogo; mguu ukiondoka kwenye pedeli, raba hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, kiasi cha kuiachia diski izunguke bila kuburuza pedi. Pedi zikilika, pistoni huteleza mbele ndani ya raba na kupata kituo kipya. Kwa njia hiyo breki hujirekebisha yenyewe, bila springi na bila mkono wa fundi.

Kwenye mdomo wa silinda hukaa raba ya pili, nyembamba zaidi, ambayo mafundi huiita raba ya vumbi. Hiyo haina habari na mafuta. Kazi yake ni kuzuia vumbi, matope na maji visiifikie pistoni. Gari la mjini linaweza kuishi miaka mingi bila mtu kuikumbuka raba hiyo. Gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, linalovuka mito, linalozama kwenye tope la masika na kula vumbi la kiangazi, huanza kufa breki hapo hapo: raba ya vumbi ikipasuka, maji huingia, pistoni ya chuma hupata kutu, na kutu, ambayo ni kali kama msasa, huikwaruza sili kila breki inapokanyagwa. Ndiyo maana habari za sili ni nzito zaidi katika magari haya kuliko mengine.

Kabla ya mafuta kuingia kwenye breki, magari yalisimamishwa kwa fito na waya. Kila gurudumu lilikuwa na waya wake, na kila waya ulilegea kwa kasi yake, hivyo gari lilipokanyagwa breki lilivutwa upande mmoja. Sili haikuhitajika kwa sababu hapakuwa na cha kuvuja. Diski yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1902 mhandisi Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya breki inayobana diski nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye gurudumu. Wazo lilikuwa sahihi, ila pedi zake zilikuwa za shaba, zikilika upesi na kupiga kelele ya kutisha watu barabarani. Watengenezaji wakaelekea kwenye dramu, yaani chungu cha chuma chenye viatu viwili ndani yake vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Bitana za asbesto zilizoenezwa na Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo, ziliipa dramu ukimya na maisha marefu, na diski ikawekwa kando kwa nusu karne.

Aliyeingiza mafuta kwenye breki za magari ni Malcolm Loughead, Mmarekani ambaye yeye na ndugu yake Allan walikuwa wakiunda ndege. Alipata hataza mwaka 1917, na baadaye akaanzisha kampuni ya breki huko Detroit, akilitumia jina lake katika tahajia iliyo rahisi kusomeka: Lockheed. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Kimiminika kilichofungiwa hakibanwi kikapungua, na mgandamizo wake huenda sawa kila upande. Kwa hiyo mguu mmoja ungeweza kuyafikia magurudumu manne kwa nguvu ileile, bila waya wa kukaza wala kulegeza. Gari la Duesenberg la mwaka 1921 liliuzwa na breki za namna hiyo kwenye magurudumu yote.

Tatizo likawa mahali pale ambapo fundi wa leo hulikuta. Sili za kwanza za Loughead zilikuwa za ngozi. Ngozi ikikauka hunywea, ikilowa hulegea, na mafuta hutafuta njia. Wahandisi wa Walter Chrysler, waliotaka breki hizo kwa ajili ya gari lao la mwaka 1924, waliiondoa ngozi wakaweka vikombe vya raba. Kuanzia hapo breki za mafuta zikawa kitu cha kuaminika. Hata hivyo kampuni ya Ford iliendelea kutumia fito na waya mpaka magari yake ya mwaka 1939, na ni haki kusema kwamba wasiwasi wake haukuwa wa bure: breki yenye mafuta huenda vizuri kwa kadiri raba yake ilivyo nzima, na hakuna zaidi ya hapo.

Raba nayo ina masharti yake. Raba ya asili ikiloweshwa kwenye mafuta yatokanayo na petroli huvimba na kuwa laini kama ugali uliozidishiwa maji. Kwa sababu hiyo breki za mwanzo hazikutiwa mafuta ya injini. Zilitiwa mafuta ya mbarika, yaleyale ambayo watu wengi wa pwani huyaita mafuta ya nyonyo, yakichanganywa na spiriti ili yawe mepesi. Mafuta ya mbarika hayaidhuru raba, na huilainishia pistoni njia. Mmea unaoota kando ya vichochoro na kwenye majalala ya Afrika Mashariki ndio uliosimamisha magari ya dunia kwa miaka mingi.

Hapa lugha ya Kiswahili imeleta hasara ambayo haikukusudiwa. Neno mafuta hubeba petroli, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya injini, mafuta ya kupikia na mafuta ya breki, kana kwamba vyote ni ukoo mmoja. Kimiminika cha breki cha leo si mafuta hata kidogo. Kimetengenezwa kwa glaikoli, jamii ya spiriti nzito, na huchanganyika na maji kwa urahisi, jambo ambalo mafuta halisi hayafanyi. Dereva aliyeishiwa mafuta ya breki porini akamimina mafuta ya injini au ya gia kwenye kopo la masta silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedeli, alifuata mantiki ya neno, na kwa siku moja au mbili breki zilimtii. Kisha raba zote zilivimba, kuanzia masta silinda mpaka gurudumu la mwisho, pistoni zikakwama zikiwa zimebana, na diski zikawaka moto. Uharibifu wa namna hiyo hautibiwi kwa kuosha. Kila kilicho cha raba, pamoja na hosi, hutolewa na kutupwa.

Neno mpira, jina la zamani la raba, nalo lina historia ndefu kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kabla ya gari lolote kushushwa bandarini, watu wa Mrima na bara la Kilwa walikuwa wakigema utomvu wa mitambaazi ya msituni na kuuza mabonge ya mpira kwa wafanyabiashara waliousafirisha kupitia Zanzibar. Aina mojawapo ya mmea huo, Landolphia kirkii, ilipewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza kisiwani humo. Gereji, hata hivyo, imechukua neno raba kwa vipande vidogo vya ndani ya mashine, na kuliachia neno mpira tairi, bomba la maji na kandanda.

Vita ya Pili ya Dunia ilikata njia za mpira wa asili kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, na Marekani ikalazimika kuzalisha raba ya viwandani kwa wingi. Baada ya vita breki zikafuata: raba za viwandani zilizostahimili joto, pamoja na vimiminika vya glaikoli vilivyochukua nafasi ya mbarika. Leo sili nyingi za kalipa ni za raba iitwayo EPDM, ambayo huvumilia glaikoli na joto, lakini huharibika vibaya ikiguswa na petroli au grisi ya kawaida. Sili za injini, kinyume chake, kwa kawaida ni za nitraili, inayovumilia mafuta ya injini na kuharibiwa na glaikoli. Kwa macho zote ni pete nyeusi. Fundi anayeokota pete yenye kipenyo kinachofanana kutoka kwenye boksi la injini na kuiingiza kwenye kalipa amefunga breki itakayovuja.

Glaikoli ilileta adui mpya. Hunywa maji kutoka hewani, polepole, kupitia hosi, kifuniko cha kopo na kila upenyo. Viwango vya Marekani vinavyotambulika kwa herufi DOT huonyesha madhara yake kwa nambari: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango chake hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 nambari hizo ni 230 na 155. Kimiminika kikichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na pedeli huenda mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Maji hayohayo, kwa kuwa hukaa ndani ya kalipa miaka na miaka, huanzisha kutu nyuma ya pistoni. Pistoni hushambuliwa kutoka pande mbili, nje na ndani, na sili iko katikati.

Diski ilirudi kupitia mashindano. Kampuni ya Dunlop ilifunga kalipa kwenye magari ya Jaguar, na mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda mbio za saa 24 za Le Mans wakiwa na Jaguar C-Type yenye diski, wakichelewa kukanyaga breki kwenye kona ambazo wenzao wa dramu walilazimika kuanza kupunguza mapema. Citroën iliweka diski za mbele kwenye gari lake la DS la mwaka 1955. Kalipa za awali za Dunlop zilikuwa na pini ndogo iliyofungwa ndani ya pistoni ili kuirudisha nyuma baada ya breki kuachiwa, kifaa chenye vipande vingi na chenye kukwama. Kalipa zilizofuata, za Girling na Lockheed miongoni mwa nyingine, ziliiacha kazi hiyo kwa sili yenyewe ya pembe nne. Katika ufundi wa breki, uvumbuzi huo unastahili sifa kubwa kuliko unazopewa, kwa maana uliondoa mashine nzima na kuweka mahali pake tabia ya raba ya kutaka kurudi ilipotoka.

Magari ya fowili yalichelewa kufika huko. Land Rover, iliyobuniwa na ndugu Maurice na Spencer Wilks wa kampuni ya Rover, ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 ikiwa na dramu za inchi 10 kwenye magurudumu yote. Toleo refu la baadaye, lile la inchi 109 ambalo barabara za Afrika Mashariki zilizoea kuliona likiwa na turubai nyuma, lilipewa dramu za inchi 11. Breki za Land Rover za mwanzo zilikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote. Raba moja ikipasuka popote, gari zima lilibaki bila breki ya mguu. Nafuu yake ilikuwa breki ya mkono, iliyofungwa kwenye shafti nyuma ya gia, isiyotegemea mafuta wala raba yoyote. Madereva wengi wa zamani waliokolewa na mpini huo.

Katika Kenya, Uganda na Tanganyika, Land Rover ilikuwa gari la bwana shamba, bwana nyama, polisi, mmisionari na daktari wa mifugo. Watu waliiita Landrova na ilizoeleka kiasi cha kuwa jina la aina nzima ya magari. Lakini dramu haikupatana vizuri na nchi. Gari lilipovuka mto, maji na mchanga viliingia ndani ya chungu na kukaa humo. Breki zilipotea mpaka viatu vikauke, na mchanga ulibaki ukisaga bitana. Kwenye mteremko mrefu joto lilileta balaa la namna nyingine. Dramu ikipata moto hutanuka, ikajitenga na viatu vyake, na pedeli hushuka zaidi kila inapokanyagwa. Barabara inayoshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, na ile ya mlima Kitonga kwenye njia ya Iringa, zilifundisha madereva kushuka kwa gia nzito na kuuacha mguu mbali na breki.

Mageuzi yalifika mwezi Juni 1970 na Range Rover, iliyosimamiwa na mhandisi Charles Spencer King. Ilikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5 na springi za mzunguko, ikikimbia kuliko magari mengi ya porini ya wakati wake, na dramu zisingeweza kuishika. Ilipewa diski kwenye magurudumu yote manne. Kalipa za mbele zilikuwa na pistoni nne kila moja, na njia mbili za mafuta zilizotengana: jozi moja ya pistoni za mbele ilikuwa na njia yake, na jozi ya pili ilishirikiana na breki za nyuma. Sili moja ikikata tamaa, gurudumu lilelile la mbele liliendelea kubanwa na pistoni zilizobaki. Mpangilio huo ulileta usalama, ukaleta pia hesabu kubwa gerejini. Kalipa mbili za mbele zilikuwa na pistoni nane, na za nyuma, zenye pistoni mbili kila moja, ziliongeza nne. Gari moja likawa na sili 12 za mafuta na raba 12 za vumbi.

Land Rover ya kazi ilisubiri zaidi. Diski za mbele zilikuja na One Ten mwaka 1983, zikarithiwa na Ninety mwaka uliofuata na baadaye na Defender, huku nyuma dramu zikiendelea hadi miaka ya 1990. Toyota ilitangulia kidogo: Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyoanza mwaka 1960 ikiwa na dramu kote, ilianza kupata diski za mbele katikati ya miaka ya 1970, na kalipa yake ya pistoni nne iliendelea katika mfululizo wa 60. Kalipa hizi zote zilikuwa za kusimama, yaani mwili wake haukusogea. Pistoni zilibana diski kutoka pande zote mbili. Ni aina imara, isiyo na pini za kuteleza zinazoziba kwa tope, lakini kila upande wake una sili ya kutunza.

Magari hayo yalikutana na uhaba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa baada ya Vita vya Kagera, Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kuliko mafundi. Pistoni yenye kutu ilisuguliwa kwa msasa wa maji na kurudishwa. Sili iliyokuwa bado na uhai iligeuzwa upande na kufungwa tena. Gurudumu lililovuja lilifungwa kwa kuibana paipu yake kwa nyundo, gari likaendelea na breki za magurudumu matatu, likivuta upande. Si uzembe uliofanya hivyo. Lori la chakula au gari la wagonjwa lilipaswa kuondoka asubuhi, na fundi aliyafahamu madhara kuliko aliyemwamuru. Hata hivyo baadhi ya mazoea yaliyozaliwa katika dhiki hiyo yalidumu baada ya dhiki kwisha, na msasa juu ya pistoni ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa huondoa ngozi ya kromu na kukiacha chuma wazi kwa kutu ya msimu unaofuata.

Biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 nchini Tanzania na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Kenya, spea zilijaa madukani: Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi ambayo wengi bado huiita Grogan, na soko la Kisekka jijini Kampala. Sili za kalipa zikauzwa kwa pakiti, zenye raba za mafuta, raba za vumbi na mara nyingine pete za chuma za kuzishikilia. Pakiti hizo hazikuwa sawa kwa ubora, na ustadi mpya ukahitajika, wa kuzipima kwa vidole kabla ya kununua: raba nzuri hunyumbuka na kurudi, kingo zake ni kali, na haina mshono wa kuungia.

Kazi yenyewe ya kubadilisha sili imebaki karibu vilevile kwa miongo mitano. Gari huwekwa kwenye jeki na stendi juu ya ardhi ngumu, gurudumu hutolewa, na pedi huchomolewa. Vumbi la pedi halipulizwi. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani miaka mingi baada ya kuvutwa, na kizazi kizima cha mafundi kililipuliza kwa kompresa bila kuambiwa. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji au spiriti. Kalipa hulegezwa kutoka kwenye kifundo cha ekseli, hosi ikafunguliwa na mdomo wake kuzibwa ili uchafu usiingie.

Kutoa pistoni ndiyo sehemu yenye hatari. Upepo wa kompresa huingizwa kwenye tundu la hosi, na pistoni huruka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Kipande cha ubao huwekwa katikati ili kuipokea, na mikono hukaa mbali. Kwenye kalipa ya pistoni nne moja hutoka mapema na kuachia upepo wote, wakati nyingine zimekwama, kwa hiyo pistoni nyepesi huzuiwa kwa ubao au klampu mpaka ile nzito ianze kusogea. Mafundi wengi wazee hupenda kuzitoa pistoni kwa breki yenyewe, kalipa ikiwa bado imeunganishwa, dereva akikanyaga taratibu. Ni njia ya kumwaga mafuta mengi, lakini ni salama kuliko upepo.

Sili ya zamani hung'olewa kwa kijiti cha mti au cha plastiki. Bisibisi hukwaruza mfereji, na mkwaruzo hapo ni njia ya mafuta ambayo sili mpya haiwezi kuifunga. Mfereji husafishwa mpaka kwenye pembe zake, maana kutu na ukoko uliojikusanya chini ya sili huisukuma juu na kuifanya ibane pistoni kupita kiasi. Breki nyingi zinazogoma kuachia zina sili mpya juu ya mfereji mchafu. Kila kitu huoshwa kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa, vinavyopatikana kwenye kila gereji, haviruhusiwi kuikaribia raba. Nusu mbili za kalipa, zilizofungwa kwa bolti, hazitenganishwi: katikati yake kuna raba ndogo ya kupitishia mafuta, na maelekezo ya viwanda kwa kawaida yameagiza bolti hizo ziachwe.

Pistoni hukaguliwa juani. Alama ya rangi tu si tatizo. Shimo linalokwaruza ukucha ni hukumu ya kutupa. Katika miaka ya karibuni pistoni za chuma kisichoshika kutu zimekuwa chaguo la wenye Range Rover na Defender za zamani, na kwa gari linalovuka maji mara kwa mara ni fedha iliyotumika vizuri, kwa kuwa zinaondoa chanzo cha ugonjwa badala ya kuahirisha. Sili mpya huloweshwa kwenye mafuta ya breki na kuingizwa kwa vidole, ikikaguliwa kwamba haikujipinda. Pistoni nayo hupakwa mafuta hayohayo na kusukumwa kwa mkono, ikiwa imenyooka. Ikienda mshazari hukata ukingo wa raba. Inayohitaji nyundo imekosewa mahali.

Baada ya kalipa kurudishwa hufuata kutoa upepo, ambako ndiko kazi hii hupata sauti yake. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine hulala chini ya gari akiwa na spana na mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa. Wa chini huita, "Pampu!" na wa juu hukanyaga mara tatu au nne. Huita tena, "Shika!" na mguu hubaki umekanyaga, nati ya kutolea upepo ikalegezwa, povu likatoka chupani, nati ikakazwa kabla mguu haujainuka. Huanzwa kwa kawaida na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwenye Range Rover ya kalipa za njia mbili, nati za gurudumu moja la mbele ni zaidi ya moja na hulegezwa kwa utaratibu wa kiwanda; fundi aliyezoea Landrova ya dramu, yenye nati moja kila gurudumu, huacha upepo ndani na kulaumu masta silinda. Kopo huongezwa mafuta kila baada ya duru chache. Likikauka, kazi yote huanza upya.

Breki ikiendelea kubana baada ya sili mpya, kosa mara nyingi liko kwenye hosi. Hosi ya miaka mingi huvimba ndani huku nje ikiwa nzima, mafuta yakapita yakisukumwa na kushindwa kurudi. Kwa hiyo hosi hubadilishwa pamoja na sili, na mafuta ya breki yote humwagwa kila baada ya miaka miwili hivi, kabla maji yaliyonywewa hayajaanza kula chuma.

Katika gereji za leo kalipa nzima mpya, iliyokwisha kufungwa sili kiwandani, inashindana na pakiti ya sili. Humaliza kazi ya siku nzima kwa saa moja, na kwa gari la biashara muda ni fedha. Lakini mwili wa chuma cha kutupwa wa kalipa ya Range Rover ya mwaka 1970 au Land Cruiser ya 1976 hauchakai. Kinachochakaa ni pistoni na raba, na vyote viwili bado vinatengenezwa. Magari mapya ya fowili yana kompyuta inayopima mzunguko wa kila gurudumu na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde moja, huku ndani ya kalipa zake kukiwa na pete ya raba yenye pembe nne, kwenye mfereji uleule, inayopinda na kurudi.